Majivu Niliyomwaga Chooni kwa Babu

Editha mwanangu,

Barua hii nitakupa mkononi kesho ukishapanda basi, siyo kabla. Isome mkishapita Mbinga. Babu Mdogo atakuwa kiti cha pembeni yako, lakini usihofu, yule gari likianza tu kutembea analala mdomo wazi. Ningekupa leo ungeisoma mbele yangu, na mimi najijua, ningekunyang'anya kabla hujafika katikati.

Sasa hivi umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Wadogo zako wamekufuata kama vifaranga, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri hapa nyumbani kumetulia. Nimekaa kizingitini na karatasi za katikati za daftari la hesabu la mdogo wako, atalia akijua. Jua limeanza kuteremkia ng'ambo, upande wa Malawi. Mgongo unaniuma kwa kupalilia mpunga, na usipa wako wa kubeba, dagaa wetu wa ziwani, bado haujakauka sawasawa. Lakini nisipoandika leo sitaandika tena.

Mambo ya sabuni, ya kufunga mlango, ya kutopokea soda kwa mtu usiyemjua, nimeshakuambia mpaka juzi ukanijibu, "Mama, nimesikia, hata kuku wamesikia." Basi hayo tuwaachie kuku. Nataka kukuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu miaka minne sasa. Hata baba yako halijui. Na ninakuandikia kwa sababu naogopa, mwanangu. Wewe unafikiri naogopa Dar es Salaam. Dar es Salaam siijui, siwezi kuiogopa vizuri. Ninachokiogopa ninakijua.

Unajua nilitoka Maguu, kwa watu wa kahawa, nikateremka huku Lundo nikiwa na miaka kumi na saba na wewe ukiwa tumboni. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nilikuja na jembe langu na ujuzi wa kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, kwenye nchi ya mchanga. Wanawake wa hapa walinicheka hadi wakakaa chini. "Huyu Mmatengo atatuchimbia mashimo ufukweni, tutatumbukia na ndoo zetu!" Aliyenitetea ni Babu yako, baba wa baba yako. Alisema kwa sauti, akijua nasikia, "Mwacheni. Siku moja mtamwomba mahindi." Na kweli waliniomba.

Alinitetea, lakini katika miaka yote ile sikuwahi kumtazama usoni. Katika ukoo wa baba yako mkamwana hamtazami baba mkwe, halitamki jina lake, akikutana naye njiani anapisha pembeni na kupiga goti. Chakula hampelekei mwenyewe, anatuma mtoto, na mtoto mwenyewe ulikuwa wewe na kile kibakuli chenye ua jekundu. Tukiwa na neno la lazima tulisemezana kupitia ukuta wa matete wa jikoni, yeye nje, mimi ndani. Usidhani nalalamika. Niliipenda heshima ile. Kwetu nilizoea kufokewa, na huku kulikuwa na mzee ambaye hawezi kunifokea hata akitaka, maana hana ruhusa ya kunikaribia.

Choo chake kilikuwa nyuma ya migomba, cha peke yake. Mimi kukisogelea ilikuwa mwiko. Bibi yako ndiye aliyekifagia. Bibi alipofariki, baba yako akasema, "Nitafagia mimi," na wewe unamjua baba yako. Nzi wakajaa. Nikaona aibu ya kuacha mzee akae kwenye uchafu ni kubwa kuliko aibu ya kuingia. Nikawa nangoja Babu ateremke ziwani kutazama nyavu zake, nachungulia huku na huku kama mwizi wa kuku, naingia, nafagia upesi, namwaga majivu, natoka. Sikumwambia mtu.

Siku ya kwanza nilipoona damu kwenye sakafu nilidhani amejikata mguu. Siku ya pili nikaona tena, nyeusi kidogo, na utelezi. Ya tatu nikajua haitoki mguuni.

Nilichukua kopo la majivu nikamwaga juu yake. Nikafagia. Nikatoka.

Na haikuwa siku moja, Editha. Ilikuwa tangu tulipopanda muhogo hadi tulipovuna mpunga. Sio kila siku, lakini mara nyingi. Naona, namwaga, nafagia. Ningemwambia nani? Baba yako angeniuliza, "Wewe umeonaje?" Ningesema nilikuwa naingia kule. Ukoo mzima ungejua kwamba mke wa Maguu anakagua choo cha baba mkwe wake. Nilijipa moyo kwamba ni bawasiri, wazee wanapata bawasiri. Nilijipa moyo kwamba ni pilipili. Mtu anayeogopa hakosi cha kujiambia.

Kisha Babu mwenyewe akasema tumbo linasokota. Baba yako alikuwa kambini na wavuvi, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsindikiza zahanati, nikimfuata hatua ishirini nyuma na chupa ya uji. Kijana wa zahanati aliacha mlango wazi kwa sababu ya joto. Mimi nilikaa kwenye benchi, pale pale mlangoni, hapakuwa na mahali pengine. Nikamsikia anauliza, "Mzee, choo unapata vizuri? Hakina damu?"

Niliona shingo ya Babu inageuka. Hakugeuka kunitazama, hangeweza, ila iligeuka kiasi cha kujua kama bado nipo.

"Hapana," akasema. "Linasokota tu."

Yule kijana alikuwa na foleni mpaka kwenye mti. Akasema, "Wewe ni mtu wa ziwani, mzee. Hiki ni kichocho." Akamsimamisha kwenye ule ubao wa kupimia urefu, akamhesabia vidonge kwa kimo chake. Babu akavimeza kwa uji wangu. Simlaumu kijana. Huku kwetu nani hajawahi kuwa na kichocho? Wewe mwenyewe ulimeza vidonge vile shuleni ukatapika kwenye viatu vya mwalimu. Damu huku tayari ina jina, kwa hiyo hakuna anayehangaika kuitafutia jina lingine. Lakini jibu alilolihitaji yule kijana lilikuwa limekaa kwenye benchi, limeshika chupa, linatazama miguu yake. Ningeinuka nikaenda kusimama kule kwenye mti, labda Babu angesema. Hata hilo sikulifanya. Nilikaa.

Alirudi pale mara mbili zaidi. Vidonge vile vile. Katikati ya hapo akaniomba, kupitia kwako, msumari. Unakumbuka? Ulikuja unasema, "Babu anataka msumari na jiwe, anatoboa mkanda." Suruali ilikuwa inamvuka. Alitoboa tundu moja, halafu la pili. Nilipoona la pili nililia jikoni, wewe ukadhani ni moshi.

Tulipompeleka hospitali kubwa tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma na choo hakipiti kabisa. Walimpasua. Daktari, mama mmoja mpole, alitutoa nje mimi na baba yako, akasema ni saratani ya utumbo mpana, na imeshafika kwenye ini. Akasema, "Mngemleta mapema." Hakusema kwa ukali. Baba yako alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa kwamba mvua imechelewa. Mimi neno lile nalisikia mpaka leo ninapokuandikia.

Hayo ni ya kwangu. Sasa nikuambie la Babu Mkubwa, kaka yake Babu, ambaye unakwenda kuishi kwake.

Kwenye matanga ya Babu yako, siku ya tatu, alimwita baba yako pembeni, nje ya jikoni. Hawakujua nipo ndani ninapepeta mchele.

"Mimi pia nilikuwa nalo," akasema.

"Lipi, baba?"

"Hilo hilo. Ila langu lilitolewa likiwa kama punje ya kunde."

Akaeleza. Alikuwa amekwenda kupima presha tu, na ile kadi yake ya bima ya mstaafu. Daktari akamwambia, mzee, umri wako huu tunapima na choo, hata kama huumwi. Wakampa kikopo. Wakakuta damu ambayo kwa macho haionekani. Wakamlaza usingizi, wakapitisha mpira wenye kamera, wakaona kinyama kimeota, wakakikata humo humo. Jioni alikula chapati.

"Lakini ulikuwa unasikia maumivu?" baba yako akauliza.

"Sikusikia kitu. Ndiyo maana niko hai."

Baba yako akasema, "Mbona hukumwambia mdogo wako?"

"Ningemwambiaje? Nipige simu Lundo niseme, mdogo wangu, wamenipitisha mpira kwa nyuma? Angenicheka mpaka ziwa likauke."

Hakuna aliyecheka. Mimi niliacha kupepeta, nikashika ungo tu.

Nimeufikiria sana mkutano ule, mwanangu, nikiwa shambani, nikiwa nafua. Wale ni watoto wa tumbo moja. Walinyonya titi moja, walikula muhogo mmoja. Mmoja alipata kazi ya ofisini mjini, na alipozeeka akawa na kadi, na daktari anayemuuliza mtu mzima asiyeumwa. Mwingine alibaki kuvua, na alipozeeka akawa na ukuta wa matete na mimi nyuma yake. Huku gari la matangazo linapita kuita watoto wa chanjo, linaita wajawazito, linaita watu wa vyandarua. Sijalisikia hata mara moja likisema, wazee njooni, mpimwe tumbo kabla halijauma. Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda zahanati nikauliza kipimo hicho. Muuguzi akaniambia, "Hapa hatuna, mama. Mpaka hospitali kubwa. Na mgonjwa ni nani?" Nikasema hakuna mgonjwa. Akacheka kwa wema kabisa, akasema, "Basi mshukuru Mungu, urudi nyumbani."

Nilikwenda kuuliza kwa sababu ya Babu Mdogo, mdogo wao, ambaye kwangu naye ni baba mkwe.

Wewe na yeye ni watani, na mjukuu ana ruhusa ambayo mimi sitaipata maisha yangu yote. Jumapili nilikuwa nawasikiliza mkianika usipa.

"Mke wangu, unanikimbia," anakuambia. "Nani atanikaangia?"

"Nitakutumia mke mwenza kutoka mjini, mwenye meno. Mtagawana, wewe huna."

"Meno ya nini? Mimi nataka wa kunisikiliza nikiimba."

"Babu, wewe unaimba chooni! Huko nani akusikilize? Nzi?"

"Naimba ili mjue kuna mwenyewe. Choo changu hakina komeo."

Ulicheka, nami nilicheka jikoni. Halafu kicheko kikaniganda. Maana ni kweli, Babu Mdogo siku zote huimba akiwa chooni, ni wimbo ule ule wa kanisani, na zamani ubeti mmoja ulimtosha. Siku hizi, Editha, anaumaliza wote na kuurudia tangu mwanzo. Nimehesabu bila kutaka. Kuna asubuhi anafika katikati ya ubeti wa pili anakatisha, kimya, halafu anaendelea kwa sauti nyembamba. Na Jumapili hiyo hiyo jioni mdogo wako alikuja mbio akasema, "Mama, Babu Mdogo anaomba msumari."

Nilimpa. Mikono yangu ilitafuta msumari ikampa mtoto, kama vile haikuwa mikono yangu.

Huenda si kitu. Alifunga Kwaresima kwa ukali, na kazi ya mpunga imemkondesha kila mtu, hata mimi. Lakini daktari wa Babu Mkubwa alimwambia ndugu zake wa damu wapimwe, nao wamebaki wawili tu, yeye na huyu. Kwa hiyo baba yako na Babu Mkubwa wamepanga kwa simu. Babu Mdogo ameambiwa anakusindikiza wewe, maana msichana haendi mjini peke yake, na huko akamsalimie kaka yake. Ya kipimo hajaambiwa. "Akijua hatapanda basi," baba yako alisema. Mkifika huko ndipo Babu Mkubwa atamwambia wanakwenda hospitali kupima presha.

Ndipo wakaja na la kwako. Baba yako ameniambia nikuombe, kwa kuwa wewe ni mtani wake, umletee kile kikopo kama mzaha. Umwambie, "Mume wangu, leo nataka mahari yangu humu," au utakavyojua wewe. Aseme ndiyo akiwa anacheka. Nilianza barua hii ili nikuombe hilo. Nilitaka kuandika: mwanangu, mimi sikuweza, nisaidie.

Nimefika hapa nimeweka kalamu chini.

Maana nimesoma nilivyoandika, na nimeona ni majivu yale yale. Tofauti ni kwamba safari hii kopo nakukabidhi wewe ulishike. Una miaka kumi na minane, unakwenda kusomea umeme, unakwenda mahali ambapo hata pa kununua chumvi hupajui, na mama yako anakutwika mzigo ambao watu wazima watatu wameukwepa. Kama yule mzee atakutwa na damu akiwa amedanganywa, miongoni mwa watu asiowajua, atajua kwamba hata utani wako ulikuwa mtego. Utani ndio kitu pekee alichobakiwa nacho katika nyumba hii.

Ngoja. Namsikia nje, anakata kamba ya kufungia sanduku lako. Baba yako hayupo. Nakwenda.

*

Nimerudi. Mwandiko ukiwa mbaya usishangae.

Nilisimama jikoni, nyuma ya matete, mahali pangu. Nikasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkamwana. Kamba hii inatosha, au mtoto anahamia Ulaya?"

"Inatosha. Baba, nina neno. Ni la aibu."

Kisu kikasimama. "La aibu mwambie mumeo."

"Mume wangu naye analiogopa."

Kuku wakapita katikati yetu. Nikaona nikingoja nitakimbia, nikasema yote kwa mkupuo mmoja, uso wangu umetazama chungu cha maharage. Nilisema kwamba nilikuwa naingia chooni kwa kaka yake. Kwamba niliona damu. Kwamba nilimwaga majivu tangu muhogo hadi mpunga, na kwamba nilikaa kwenye lile benchi. Niliomba radhi kwa kuvunja mwiko, na niliomba radhi kwa kuushika.

Nilingoja anitukane. Haki alikuwa nayo.

Badala yake akasema, "Kaka alijua."

"Alijua nini, baba?"

"Kwamba ni wewe. Majivu hayajimwagi. Aliniambia, mkamwana anafagia kule, ameona. Akasema, nangoja aseme kwa mumewe, wakiniuliza ndipo na mimi nitasema."

Editha, nilishika nguzo ya jiko. Yule mzee alikuwa ananingoja mimi. Mimi namwonea haya yeye, yeye ananionea haya mimi, na kati yetu damu inafunikwa kila asubuhi.

"Na wewe ulikuwa unajua?" nikamuuliza. Sikuwahi kumuuliza baba mkwe swali la namna hiyo.

"Alinikataza kusema. Naye alikuwa mkubwa wangu." Akapangusa pua. "Sote tulifagia, mkamwana. Usijibebee peke yako."

Hapo nikapata nguvu, au wazimu, sijui. Nikasema, "Baba, wimbo wako umekuwa mrefu."

"Wimbo gani?"

"Wa chooni."

"Ah! Kumbe mnanisikiliza!"

"Nyumba nzima inakusikiliza. Zamani ulikuwa ubeti mmoja."

Alicheka, kicheko kifupi, kikaisha vibaya. Nikamwambia kuhusu kaka yake mkubwa, kikopo, kamera, ile punje ya kunde. Nilimwambia kwamba safari ya kesho ina kipimo ndani yake, na kwamba walitaka kumficha. Nilimwambia asipotaka kupanda basi, asipande, nitamsindikiza Editha mimi mwenyewe, lakini akipanda, apande akiwa anajua.

Sikusikia kisu wala kamba, nikadhani ameondoka. Nilichungulia kwenye upenyo wa matete, kitu ambacho sijafanya tangu niolewe. Alikuwa amekaa palepale juu ya sanduku lako. Alikuwa amepeleka mkono mfukoni mwa shati, akatoa ule msumari, akawa anautazama.

"Mara mbili," akasema.

"Mara mbili nini, baba?"

"Nimeona mara mbili. Tangu mvua zianze. Nilisema ni kichocho."

Mwanangu, nimeuogopa ukweli miaka minne, nao ulipokuja ulikuja kwa sauti ndogo tu, ya mzee aliyekaa juu ya sanduku la mtoto. Nikasema, "Labda ni kichocho kweli." Akasema, "Labda." Hakuna aliyeamini wala aliyeacha kuamini. Ndiyo hali tuliyomo, na ndiyo hali utakayosafiri nayo kesho. Sitakudanganya kwamba kipimo kitaleta habari njema. Kinaweza kuleta ile mbaya. Lakini Babu yako alikufa bila mtu kumuuliza mahali ambapo angeweza kujibu, na hilo silitaki litokee mara ya pili nikiwa nimekaa karibu na chupa ya uji.

Akaniuliza, "Huo mpira, unauma?"

"Kaka yako anasema unalazwa usingizi, huusikii."

"Na mke wangu anajua?"

"Editha? Bado. Nitamwandikia."

Akauweka msumari juu ya jiwe la kunolea, taratibu, kama anaurudisha dukani. Akainuka, akaanza tena kuifunga kamba. Nikadhani tumemaliza. Ndipo akasema, bila kugeuka, "Mwambie hivi. Kikopo nitakijaza mwenyewe, sihitaji mzaha wake. Lakini siku ya ule mlango mwingine, wa mpira, asiniache nje peke yangu. Kaka mkubwa ataanza kuongea na madaktari Kiingereza, atanisahau. Mwambie yeye akae kwenye benchi."

Kwenye benchi, Editha. Alisema hivyo hasa.

Kwa hiyo sikuombi utani tena. Wala sikuombi useme chochote. Chuo chako kinafunguliwa Jumatatu, na Babu Mkubwa amesema wataanza na kikopo mapema, Jumatano au Alhamisi, majibu yakitaka mpira watapangiwa siku. Siku hiyo nataka uombe ruhusa kwa mwalimu wako. Mwambie ukweli, usiseme unaumwa kichwa. Uende. Akiingia kwa daktari na daktari akaanza kuuliza ya choo, wewe utoke, uende mbali kidogo, kwenye mti kama upo, umwache ajibu. Akimaliza akitoka, akukute umerudi, umekaa. Hilo tu. Mimi nilifanya kinyume chake katika yote mawili, nilikaa alipohitaji niondoke, na nilinyamaza alipohitaji niseme.

Na ukija kuzeeka, na mimi nikizeeka mbele yako, usiningojee niseme. Niulize. Nitakasirika, nitakuambia huna adabu. Niulize tena.

Jua limegusa maji. Nawasikia mnarudi, sauti ya mdogo wako inatangulia kama kawaida. Babu Mdogo yuko nyuma ya migomba, anaimba, na nimejikuta nimesimamisha kalamu nihesabu beti. Amefika wa pili. Sitahesabu tena.

Sanduku lako amelifunga mafundo matatu, utahitaji kisu kulifungua. Msumari ninao mimi.

Nenda, binti yangu. Na ukae kwenye benchi.

Mama yako